Mikia Juu ya Uchanja

Jambo la kwanza nililoliona lilikuwa dogo. Nilikuwa nimetoka kisimani, nimetua ndoo, na mama alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga akikoroga uji. Kuni za mkorosho hutoa cheche nyingi. Cheche moja iliruka, ikatua juu ya mkono wake wa kulia karibu na kiganja, ikakaa pale mpaka ikazimika yenyewe. Mama hakuutoa mkono. Aliendelea kukoroga.

Nilidhani hakuiona. Nikasogea karibu na moto, ndipo nilipokiona kidonda. Kilikuwa cha mviringo, upana wa kifungo cha koti, katikati cheusi kama kaa, pembeni kimezungukwa na malengelenge madogo. Cheche ilikuwa imetua palepale penye weusi.

"Mama, umeungua," nilimwambia.

"Wapi?"

Nilimwonyesha. Aliutazama mkono wake kama mtu anayetazama mkono wa mwenzake, kisha akaufunika kwa kanga. Akasema ni mdudu tu aliyemuuma shambani, akanihimiza ninywe uji nisichelewe shule.

Wakati huo nilikuwa darasa la tano hapa kijijini kwetu Chilangala. Siku zangu zilifanana. Niliamka giza halijatoka, nikateremka bondeni pamoja na wanawake kuchota maji, maana huku juu maji hayakai. Mvua ikinyesha, mchanga huyanywa yote. Nikirudi nilifagia uwanja, nikawafungulia mbuzi, nikamwosha uso mdogo wangu Rose, nikaenda shule. Mwezi ule kazi moja ilikuwa imepungua. Mbuzi walikuwa wamekwisha wote. Hata hivyo kila asubuhi miguu yangu ilinipeleka mpaka mlangoni pa banda, mkono ukashika komeo, ndipo nikakumbuka.

Walikufa mwishoni mwa kiangazi, korosho zilipoanza kuanguka. Wa kwanza alikuwa jike letu kubwa. Mama alimwita Ada, kwa sababu watoto wake ndio waliouzwa kila mwaka ili nilipiwe ada ya shule. Jioni Ada alikula maganda ya muhogo vizuri, asubuhi tukamkuta amelala ubavu, tumbo limejaa, puani ana damu nyeusi isiyotaka kuganda. Wengine wakamfuata. Kwa majirani hali ilikuwa hiyohiyo. Hakuna aliyelia, maana kwetu mtu halilii mbuzi. Mama alisimama kidogo mlangoni pa banda, kisha akachukua kikapu akaenda kuokota korosho kama siku nyingine. Mimi nilikwenda shule. Mwalimu aliniuliza swali, na sikumbuki lilihusu nini. Nilikuwa nikitazama mdomo wake ukifunguka na kufungwa.

Bwana Nurdini, ofisa wa mifugo, alikuja kwa pikipiki kutoka Newala. Alisema ugonjwa ule unaitwa kimeta. Alisimamia kuchimbwa kwa shimo refu nyuma ya nyumba yetu, na mbuzi wetu wakazikwa humo pamoja na wa Mama Salmini, jirani yetu wa karibu. Akamwaga chokaa juu yao, udongo ukarudishwa, na miiba ikalazwa juu ya udongo. Alituambia asichune mtu, asile mtu, asifukue mtu, kwa kuwa kimeta humwingia binadamu hata kwa kupitia mchubuko mdogo. Mzee mmoja alimuuliza mbona mwaka huo chanjo haikuja. Bwana Nurdini alijibu akiwa ameinamisha macho kwamba siku hizi chanjo haiji yenyewe. Iko dukani, na kila mfugaji anajinunulia. Wengi walikuwa wakisubiri kwanza wauze korosho, na wale wafanyabiashara binafsi walioruhusiwa kununua badala ya ushirika walikuwa bado hawajapandisha malori yao huku kwetu.

Baada ya hapo ilikuja habari ya msaada. Aliyeileta ni Mjomba Kasiani, kaka mkubwa wa mama. Baba alikuwa na nyumba nyingine upande wa Masasi na alionekana mara chache, lakini hata angalikuwepo, kwetu mjomba ndiye mwenye neno katika nyumba ya dada yake. Watoto ni wake kwanza. Mjomba alikuwa na redio ya betri aliyoifunga kwa mpira wa baiskeli isimwagike matumbo, kama alivyosema mwenyewe. Jioni moja alikuja nayo kwapani. Akatueleza kwamba redio imetangaza kuwa serikali itatoa fedha za maafa kwa wafugaji waliopotelewa na mifugo, na maofisa watapita vijijini kuhakiki hasara ya kila mmoja.

Neno hilo la kuhakiki lilimkaa kichwani. Alilirudia mara nyingi huku akitafuna korosho za kuchoma. Kisha akatukumbusha habari ambayo kila mtu wa rika lake pale kijijini aliijua. Zamani, nguruwe mwitu walipomaliza mihogo, boma lilitangaza kwamba atakayeua nguruwe apeleke mkia. Watu walipanda Newala na mikia mikavu wameifunga kwa kamba za miyaa, wakapewa baruti na chumvi. Aliyekwenda na maneno matupu alirudi na maneno yake. Mjomba alikuwa kijana hodari wa kuwinda, na katika maisha yake serikali ilikuwa imempa kitu mara hiyo moja tu.

"Serikali hailipi maneno, Cecilia," alimwambia mama. "Inalipa mkia."

Mama alisukuma kuni mafigani. Kisha akasema, "Kaka, bwana mifugo alitukataza kufukua."

"Yule kijana. Atajua nini boma linataka? Mimi nataka huyu Dorika amalize darasa la saba. Katika nyumba hii hajamaliza mtu."

Dada hamjibu kaka yake mara mbili.

Siku walipofukua mimi nilikuwa shule. Niliporudi nililikuta jembe limeegemezwa ukutani, bapa lake likiwa jeupe kwa chokaa. Miiba nyuma ya nyumba ilikuwa imesogezwa na kurudishwa vibaya. Ndani kulikuwa na harufu niliyoijua. Juu ya uchanja wa kukaushia mahindi, pale juu ya mafiga, palikuwa na kiroba kimefungwa mdomo kwa kamba.

Mama alinieleza mwenyewe, kwa sauti ya kawaida. Nyonga ya mjomba ilivunjika zamani alipoanguka kutoka juu ya mkorosho, hawezi kupiga jembe. Kwa hiyo yeye mama ndiye aliyechimba na kukata, na mjomba alikaa juu ya kigoda kando akimwelekeza. Mikia ya mbuzi wa Mama Salmini aliifunga fungu la peke yake, ili ampe siku maofisa watakapokuja, maana si vizuri kufukua na kumwacha mwenzio. Akaniambia nisimwambie mtu. Hatukumwibia yeyote, alisema, ni mbuzi wetu. Nikamwitikia. Mimi ni mtu wa kuitikia tu. Hata shuleni, mwalimu alikuwa akisema sauti yangu aliisikia siku ya kuandikishwa tu.

Hayo ndiyo yaliyotangulia ile cheche.

Tangu siku ile sikuacha kuutazama mkono wa mama. Weusi ulipanuka, na mkono ukavimba mpaka kwenye kiwiko, ngozi ikang'aa kama mtungi uliopakwa mafuta. Nilimuuliza kama unauma. Alisema hauumi, unamwelemea tu. Akaanza kushika kikapu kwa mkono wa kushoto. Baadaye akaacha kwenda shambani, akawa analala mchana kutwa, mwili wa moto, na ugali nilioupika aliugusa akaurudisha. Nilimkata Rose kucha, nikapeta mtama, nikateka maji. Nilifanya kila kitu sawasawa. Ndani yangu hapakuwa na kitu kinachotikisika.

Mama Salmini alipopita kuomba moto alimwona amejifunika kanga joto lote lile, akamtania kama ilivyo kawaida yao, "Mama Dorika, umekuwa bibi harusi siku hizi?" Mama alitabasamu kidogo. Mama Salmini hakuendelea kutania. Alinitazama mimi, nami nikatazama chini.

Mjomba alikuja kila jioni. Alitwanga majani na kuyafunga juu ya kidonda kwa kitambaa safi, kwa mikono iliyojua kazi hiyo. Nilikusanya nguvu, nikamwambia kwamba cheche ilimwangukia mama palepale na hakusikia chochote.

"Basi ni dalili njema," alisema. "Kidonda kibaya kinapiga kelele, mjomba. Kisichouma kinapona."

Nilitaka kusema jambo jingine na sikulipata. Nikamsikia akimwambia mama avumilie mpaka maofisa wapite. Akienda zahanati sasa, nesi atauliza ameupata wapi ugonjwa, habari itamfikia bwana mifugo, na mwenye kufukua hatapewa kitu. Siku ya maofisa ilikuwa karibu. Wakishapita, angempeleka mwenyewe. Mama alisema, "Haya, kaka." Alisema hivyo huku amefumba macho.

Maofisa walikuja kwa Land Rover, Bwana Nurdini na mama mmoja kutoka wilayani. Walikaa mbele ya ghala la ushirika, ambalo mwaka huo lilikuwa tupu, ndani limebaki na popo. Kijiji kizima kilikuja. Mama hakuweza kusimama, kwa hiyo mjomba aliniambia nimsindikize yeye, nibebe kigoda chake, kwa ajili ya ile nyonga. Kiroba alikibeba mwenyewe begani. Njiani alikuwa akiimba kwa pumzi za pua. Nadhani alikuwa na furaha.

Pale ghalani niliona wazee wengine wawili watatu wana vifurushi. Kumbe si mjomba peke yake aliyekumbuka nguruwe.

Walianza kuita kwa vitongoji. Jina la mama lilipoitwa, mjomba aliinuka, akajitambulisha kuwa ni kaka yake, akakiweka kiroba juu ya meza. Bwana Nurdini alinyoosha mkono kukifungua, halafu akausimamisha hewani. Harufu ilikuwa imemfikia.

"Mzee wangu, humu mna nini?"

"Hakiki," alisema mjomba. "Ni mikia. Yote ipo, ya dada yangu na ya jirani yake."

Bwana Nurdini alirudi nyuma mpaka kiti kikaanguka. Aliwaambia watu wote wasogee mbali na meza. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, lakini hakupaza sauti. Aliuliza nani aliyeitaka mikia hiyo. Mjomba akasema ndivyo boma linavyotaka siku zote. Yule mama wa wilayani alisema hakuna mahali popote walipotaka mkia, walitaka tu mtu na shahidi wake. Wazee wenye vifurushi walianza kuvisukuma kwa miguu nyuma ya migongo yao.

"Nauliza jambo moja tu," alisema Bwana Nurdini. "Aliyefukua ni nani? Sitaki kumfunga mtu. Nataka aende hospitali leo hii. Wengine nao nitawauliza mmoja mmoja."

Mjomba alinyoosha mgongo kadiri nyonga yake ilivyomruhusu.

"Ni mimi," alisema.

Bwana Nurdini alimtazama mikono. Ilikuwa mikono ya mzee, misafi, haina hata mkwaruzo. Akamwambia basi apande gari, akachomwe sindano, na wengine wa nyumba ile watatazamwa siku nyingine zahanati itakapopata dawa. Mjomba alichukua kofia yake. Nilielewa anachofanya. Alikuwa anamkinga dada yake aibu ile, na adhabu kama ingekuwapo, na pengine alidhani msaada nao utapona kwa njia hiyo. Alikuwa anapanda gari na mkono usio na kitu, na mama amelala nyumbani na mkono wake.

Mtoto wa kwetu hamkanushi mjomba wake. Hata mjomba akisema jua limekuchwa saa sita, unakwenda kuwasha taa. Mimi nilikuwa nimeshika kigoda kwa mikono miwili mbele ya kijiji kizima, na nakumbuka niliwaza kwamba kigoda ni kizito. Halafu nikasikia sauti, na ilikuwa yangu.

"Si yeye."

Mjomba aligeuka.

"Si mjomba," nilisema. "Nyonga yake haiwezi jembe. Ni mama. Yuko nyumbani, mkono umevimba mpaka hapa. Una kidonda cheusi. Cheche ilimwangukia juu ya kidonda na hakusikia moto."

Sikuweza kuendelea, lakini ilitosha. Bwana Nurdini aliniuliza nyumba iko wapi. Mama Salmini ndiye aliyejibu, tayari anakimbia mbele ya gari kuwaonyesha, kanga moja imemdondoka njiani na hakurudi kuiokota. Mjomba alibaki amesimama na kofia mkononi. Alichukua kigoda kutoka mikononi mwangu, akakiweka chini, akakaa.

Walimpeleka mama kwenye kituo cha afya Kitangari jioni ileile, nami nikaenda kumwuguza. Nesi aliyempokea aliitwa Lois, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alifungua kitambaa, akayaondoa majani polepole, na alipokiona kidonda alikwenda moja kwa moja kuandaa sindano. Mama alichomwa sindano mchana na usiku. Siku za kwanza hakunijua. Aliniita kwa jina la marehemu bibi, akaniagiza niwafungulie mbuzi. Nilimwambia nimeshawafungulia.

Asubuhi moja Nesi Lois alikuwa akimsafisha kidonda, na mama akavuta mkono kwa ghafla na kusema, "Taratibu, mwanangu, unaniumiza." Nesi Lois alicheka. Alisema ndiyo maneno aliyokuwa akiyasubiri. Mimi nilitoka nje, nikakaa barazani. Maumivu ya mama yalikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyopata kuvisikia, lakini sikulia hata wakati huo. Niliosha kitambaa.

Siku hizo matibabu yalikuwa yameanza kuchangiwa fedha na wagonjwa. Mjomba alikuja Kitangari kwa miguu, na ile nyonga, akalipa kilichotakiwa. Hakuwa na redio kwapani. Sikumuuliza, lakini baadaye niliisikia ikiimba katika duka moja pale Kitangari, na ule mpira wa baiskeli ulikuwa bado umeizunguka.

Nesi Lois alimkalisha mjomba karibu na kitanda. Bwana Nurdini naye alikuwepo, amekuja kuwatazama wagonjwa wa vijiji alivyovihudumia, maana baada ya siku ile ya ghalani watu watatu zaidi walijitokeza na vidonda vyao na wote waliwahi dawa. Nesi Lois alimweleza mjomba kwa heshima, kama mtu anayezungumza na baba yake.

"Baba, kuna vidonda vinavyopiga kelele, hivyo tunavijua sote. Kimeta hakipigi kelele. Kinaua nyama, na nyama iliyokufa haiumi. Mwanao angekaa kimya siku mbili zaidi, tusingekuwa tunazungumza hapa."

Mjomba alitikisa kichwa mara moja. Akamwuliza Bwana Nurdini kama sasa dada yake amekosa msaada.

Bwana Nurdini alisema hapana, na alituomba tumsikilize, mimi pia. Alisema kosa la kwanza lilikuwa lake, kwa kuwa alitukataza kufukua na hakukaa kutuambia hasara itahakikiwa vipi. Alitaka kuwahi kijiji kingine. Kosa la pili lilikuwa la wazee, waliojua jambo la zamani wakadhani la sasa ni lilelile, na hawakuuliza. "Kuuliza hakumvunjii mtu heshima," alisema. "Angekuja mtu mmoja tu ofisini akauliza, asingegusa mzoga mtu yeyote. Na huyu binti ametufundisha jambo la tatu. Mtoto akiona hatari katika mwili wa mkubwa wake, aseme. Aseme kwa adabu, lakini aseme, hata kama wakubwa wamekwisha kusema vingine. Adabu inayoficha ugonjwa si adabu."

Kuhusu ushahidi, mambo yalikwisha bila mkia hata mmoja. Kiroba kilichomwa moto pamoja na uchanja wetu wote na vile vifurushi vingine, na shimo likamwagiwa chokaa upya. Maofisa waliporudi, Mama Salmini alisimama kuwa shahidi wetu. Aliwataja mbuzi wetu mmoja mmoja kwa makosa yao. Alimtaja dume aliyevunja chungu chake cha togwa, na mwanambuzi aliyelala ndani ya kikapu chake cha korosho. Alipofika kwa Ada alisema, "Huyu ndiye aliyekula kanga yangu mpya ikiwa kambani, akaniachia maandishi tu. Nitamsahauje? Nilimlaani asubuhi ile, na Mungu aniwie radhi." Watu walicheka, hata yule mama wa wilayani. Kisha mama, mkono wake bado umefungwa, akawa shahidi wa Mama Salmini. Ndivyo ilivyokuwa kijiji kizima, jirani kwa jirani. Mbuzi wa mwenzako unamjua, kwa kuwa amekula vyako.

Msaada ulikuja baada ya masika. Haukutosha kuwarudisha wote waliokufa, lakini mama alinunua majike wawili na dawa ya chanjo kabla ya kununua chumvi. Mimi sikurudi darasani. Wakati wa ugonjwa nilikosa masomo mengi, na mkono wa mama haukupata tena nguvu ya kubeba ndoo, kwa hiyo maji yakawa yangu. Rose ndiye aliyemaliza darasa la saba, kwa watoto wa majike wale. Alikuwa wa kwanza katika nyumba yetu. Siku ya matokeo mjomba alivaa kofia yake na kukaa uwanjani kutwa nzima, apate kuwaambia wapita njia.

Mimi na mjomba tuliishi vizuri. Nilimsalimu shikamoo kila asubuhi, naye aliitikia marahaba. Nilimpelekea maji ya kuoga. Lakini kuhusu siku ile ya ghalani hatukuzungumza kamwe, na tangu siku ile hakuniita tena "mjomba", kama alivyozoea. Aliniita Dorika. Mama alisema ni uzee. Mimi nilijua ya kwamba nilimkanusha mbele ya kijiji kizima, na kwamba yeye alikuwa ametoa shingo yake kwa ajili ya dada yake, nami nikaivuta nyuma. Mara nyingi nilisimama mlangoni kwake na ndoo kichwani, neno liko mdomoni. Nikatua ndoo, nikaondoka.

Alifariki mwaka jana, wakati wa kupalilia. Juzi nilikwenda kufyeka majani juu ya kaburi lake. Hapakuwa na mtu karibu, na nilisema kwa sauti, ingawa niliona haya:

"Mjomba, sikusema ili nikuaibishe. Nilijua unamkinga. Nilisema kwa sababu mama hakusikia moto."